Moto Uko kwa Bibi Nyamizi

Haya, kaeni chini. Kaeni msikilize. Wewe mwenye kigoda jisogeze, na wewe unayetafuna mahindi punguza kelele, hadithi haipendi kushindana na meno.

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie hamjaamka. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo kale, kale ile ya watu kufuata chumvi kwa miguu, palikuwa na kijiji. Jina lake msiulize, hata waliokihadithia walilisahau njiani. Kijiji hicho kilikuwa na mtama, kilikuwa na asali, mbuzi tele. Chumvi, hakuna. Ukitaka chumvi, ufunge mzigo uende na msafara mpaka ziwa la chumvi, huko ardhi inakong'aa kama mfupa. Kwenda miezi. Kurudi miezi. Wengine wanarudi, wengine we acha tu.

Sasa kijiji hicho kilikuwa na mila yake. Siku mume anaondoka, mke anawasha moto mlangoni. Moto huo usizimike. Mchana uwake, usiku uwake, mvua inyeshe, upepo uvume, uwake. Ukizimika, basi huko aliko mume kapotea njia. Ndivyo walivyoamini. Na siku akirudi, mke anachota maji, anaumwagia moto mwenyewe, chwaaa! mbele ya watu wote. Hapo ndipo mume anahesabika kafika. Kabla ya hapo hata uji hapewi.

Palikuwa na binti mmoja anaitwa Siwema. Mumewe Shija aliondoka na msafara mtoto wao ana siku arobaini tu. Mtoto jina lake Mayunga. Asubuhi ile ya safari Shija alimshika mtoto shavu, akamwambia mkewe, "Mama Mayunga, usingizi tutalala nikirudi."

Siwema akacheka. Hakujua kama kaambiwa ukweli.

Maana usiku ukaanza kuwa hivi. Siwema anachochea moto, fuu! Moto unawaka, nyumba nzima nyekundu. Mayunga anafungua macho, kodo! Anautazama moto, anauchekea. Mamaye anamnyanyua, anamtoa mlangoni. "Unaiona njia ile, mwanangu? Baba atapita ile." Jani likianguka, tsss, Siwema kasimama. Mbwa akibweka, Siwema kasimama. Mtoto begani. Anarudi, anamlaza. Nyee! Nyee! Anamnyonyesha. Anamtembeza. Fuu! moto. Kodo! macho. Nyee! Nyee! mpaka jogoo.

Mchana sasa. Mchana Siwema kafunga mlango, kaziba na dirisha kwa majani, kamfunga mtoto mgongoni, na huyo Mayunga analala! Analala kama mlevi wa sherehe. Watoto wakipita wanacheza, Siwema anatoa kichwa nje, "Shhh! Nyie! Mwanangu kalala!" Wanawake wakahamisha vinu vyao, wakaenda kutwangia mbali, kumheshimu. Ua wake ukawa kimya, tii, kama makaburini.

Kwa hiyo hebu mtazameni huyo mtoto. Mchana giza na kimya. Usiku mwanga na mazungumzo. Yeye atajuaje? Akalala palipo na giza, akaamka palipo na mwanga. Wala hakukosea.

Mwezi ukapita. Miezi mitatu ikapita. Siwema akawa anamwita mbuzi kwa jina la wifi yake. Siku moja akakoroga uji, akatia majivu akidhani unga. Wifi yake Kabula, dada yake Shija, akaonja, akatema, pwa!

"Wifi, umenilisha jiko?"

"Nisamehe wifi. Sijalala."

"Nani kalala? Kaka yangu huko porini kalala? Wewe moto tu usizimike."

"Na mtoto?"

"Mtoto gani asiyelia? Analia, ananyamaza. Moto ukizimika, baba yake ataliliwa mpaka lini?"

Siwema akarudi kuchochea moto. Lakini alikuwa anaona. Maziwa yalikuwa yanapungua. Mayunga alikuwa akishika titi anasinzia kabla hajashiba, akiachia anaamka analia njaa. Mkono wake, uliokuwa mnene wenye mikunjo kama andazi, sasa mikunjo imeondoka. Kila asubuhi Siwema alikuwa akiushika ule mkono kwa vidole viwili. Kila asubuhi vidole vinazidi kukutana.

Alimtaka Shija. Alimtaka mpaka akawa ananusa ile nguo yake ya zamani iliyobaki kwenye kamba. Akajiambia, nikilala nikamkosa je? Moto ukizimika nimelala je? Basi akachochea. Fuu!

Ikafika usiku mmoja. Siwema kakaa mlangoni, mtoto mapajani, kajifunika kaniki nyeusi yeye na mtoto. Kichwa kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda. Hakikurudi.

Pindo la kaniki likateleza. Likaingia kwenye kaa.

Alichokuja kusikia ni pu! pu! pu! Mtu anakanyaga nguo. Akafumbua macho, mtoto hayuko mapajani. Yuko mikononi mwa kizee mmoja, analia vizuri tu, hajaungua. Kaniki ina tundu la ukubwa wa kiganja.

"Mjukuu wangu," kizee akasema, "siku hizi tunapika na watoto?"

Huyo ndiye Bibi Nyamizi, aliyetoka usiku ule kutafuta kuni.

Huyu bibi nyumba yake ilikuwa ya mwisho, palepale njia inapoingilia kijijini. Macho mekundu siku zote. Watoto walimwita Bibi Moshi, na yeye akiwasikia anawajibu, "Moshi ndio huu, njoo nikufukize chawa!" Mumewe, Mihambo, aliondoka na msafara mwaka wa nzige. Wenzake walirudi. Wakasema Mihambo alirudi nyuma kidogo kufuata mzigo uliodondoka, aliwaambia tangulieni. Wakatangulia. Basi. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana mvi. Bibi Nyamizi hakuumwagia moto wake maji, maana hakuna aliyerudi. Hakuuacha uzimike, maana hakuna aliyemwona maiti. Alikuwa anauchochea tu. Usiku analala kama kuku, jicho moja, akiamka kila kuni inapolia.

Watu walimcheka kidogo. Siwema naye alishawahi kumcheka. Sasa kakaa chini, kaniki imetoboka, analia kwa kwikwi.

"Bibi, nilifumba jicho tu."

"Ulilala. Sema nililala. Hukuiba."

"Nililala."

"Haya. Na huyu unamwamsha kila saa kumwonyesha nini?"

"Njia ya baba yake."

"Yeye njia anaijua? Anajua jua tu. Na wewe kila usiku unamwashia jua humu ndani, halafu unamlaumu haoni usiku." Bibi akamweka mtoto begani, akawa anampigapiga mgongo, taratibu, taratibu. "Mimi nilipoteza mume nikingoja. Hilo halina dawa. Lakini sijapoteza mtoto nikingoja, maana sikuwa naye. Wewe unaye. Nipe huo moto."

"Eti?"

"Huo moto nipe. Nikautunze kwangu."

Kulipokucha Kabula akasikia. Akaja mbio, nusu ya nywele kasuka, nusu hajasuka.

"Bibi Nyamizi! Moto wa kaka yangu unataka kuupeleka wapi?"

"Kwangu."

"Haiwezekani! Mila inasema usizimike!"

"Nani kasema nauzima? Waliosema usizimike, walisema ukae wapi?"

Wanawake waliokuja kuangalia wakatazamana.

"Mlangoni," Kabula akasema.

"Na mimi nina mlango. Na mlango wangu ndio wa kwanza njia inapoingia. Kaka yako akija ataupita wangu kabla ya wake. Au atashuka toka juu?"

Watu wakacheka. Kabula hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, wewe una moto wako pale. Jiko lako moja. Mkichanganya, Shija akirudi, Siwema akiumwagia maji, je? Na wa kwako?"

Bibi Nyamizi akamtazama Mayunga, aliyekuwa kalala fofofo juani.

"Siku hiyo haijafika," akasema. "Leo mtoto alale."

Akachota makaa kwa kigae, akaondoka nayo, moshi unamfuata. Siwema alisimama mlangoni akitazama. Alipoona mahali pa moto pamebaki majivu matupu, moyo wake ulimwambia, umemuua Shija.

Bibi akarudi saa hiyohiyo. "Fungua mlango. Toa hayo majani dirishani. Waite wenye vinu."

Vinu vikarudi. Twa! twa! twa! Mchana ukawa mchana. Mayunga kaamshwa, katolewa nje, katandikiwa, anatazama kuku, anatazama watu. Akianza kupepesa macho na kujisugua sikio, Bibi anasema, "Mlaze sasa."

"Bibi, hajachoka bado, nikingoja achoke sana si atalala zaidi?"

"Ukingoja achoke sana, usingizi unampita kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Mlaze."

Akalazwa kivulini, vinu vinatwanga, watoto wanapiga kelele. Akalala kidogo, akaamka. Akacheza. Akalala tena. Jua lilipoelemea, Bibi akasema basi, huo usingizi mwingine auweke wa usiku.

Jioni wakaanza kazi. Wakamwogesha maji ya vuguvugu. Wakampaka mafuta ya nyonyo, mguu huu, mguu huu. Akanyonya mpaka akaachia mwenyewe. Wakamfunga kile kipande cha kaniki chenye tundu, kilichooshwa na kukatwa. Mlango ukafungwa. Giza. Bibi akamwekea mkono kifuani, akasema polepole, kama anasema na mtu mzima:

"Jua limelala. Mbuzi wamelala. Moto uko kwa Bibi. Na wewe lala."

Nyee! Nyee!

Siwema kanyanyuka. Bibi kamkamata pindo. "Umeitwa?"

"Analia!"

"Anaguna. Sikiliza kwanza. Vuta pumzi kumi. Akikuita kweli utajua, nenda. Lakini usiamke kila akijigeuza, hata wewe unajigeuza."

Siwema akavuta pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Kufika ya saba, nyee ikawa nye. Kufika ya tisa, kimya. Akamtazama Bibi gizani. Hakuona kitu ila alijua kizee anatabasamu.

Msidhani ikaisha hapo. Bibi karudi kwake kwenye moto, na usiku huohuo Mayunga aliamka mara nne. Siwema mwenyewe aliamka mara saba, anachungulia ufa wa mlango. Kule mwisho wa kijiji aliuona moto, mdogo, mwekundu, kama jicho la mtu anayekungoja. Akarudi kulala. Usiku wa pili, mara tatu. Usiku wa nne, balaa. Siwema alisikia nyayo nje, akaamini ni zenyewe, akamkwapua mtoto, akatoka naye mbio, "Baba yako! Baba yako kaja!" Kumbe mbuzi wa Kabula kakata kamba. Mayunga hakulala tena mpaka asubuhi.

Siwema alikwenda kwa Bibi akiwa amevimba macho. "Nimeharibu."

"Umeharibu usiku mmoja. Jioni tunamwogesha tena."

"Bibi, wewe umewezaje miaka yote hii?"

Bibi Nyamizi akasogeza kuni. "Nani kakwambia nimeweza?" akasema.

Wakamwogesha tena. Mafuta, mguu huu, mguu huu. Kaniki yenye tundu. Giza. Jua limelala. Mbuzi wamelala. Moto uko kwa Bibi. Na wewe lala. Kila jioni yaleyale, hakuna kupunguza, hakuna kuongeza. Mwezi mpya ulipoandama, Mayunga alikuwa anaamka mara moja tu, ananyonya gizani, hakuna anayesema naye, analala. Maziwa yakarudi. Siku moja Siwema akaushika ule mkono kwa vidole viwili. Vidole havikukutana. Akalia peke yake, akausahau hata mtama jikoni, ukaungua.

Ila ile hamu haikuondoka, jamani. Mtu akilala vizuri ndio hamu inapata nguvu. Mayunga akakaa, Shija hajaona. Mayunga akatambaa, Shija hajaona. Jino likatoka, la chini, Siwema akamwonyesha Kabula, akamwonyesha Bibi, akawa kama bado kuna mtu hajamwonyesha. Na kila jioni anapeleka kuni kwa Bibi Nyamizi, anamkuta kakaa palepale, uso kaelekeza njiani.

"Unamwona, Bibi?"

"Nani? Wako au wangu?"

"Yeyote."

"Bado."

Ikawa asubuhi moja. Siwema kaamka kakuta jua limeshaingia kwenye nyufa. Kalala usiku mzima! Mayunga naye kaamka, kakaa, anacheza na kile kitambaa, anapitisha kidole kwenye tundu. Siwema akafungua mlango, akatazama mwisho wa kijiji kama kawaida yake.

Moto unawaka. Lakini anayechochea si kizee. Ni mwanamume. Kakonda, ndevu zimemfunika, miguu myeupe kwa chumvi.

Siwema hakupiga vigelegele. Alimbeba mtoto, akatembea. Shija alimwona akaweka kidole mdomoni. "Shhh."

Bibi Nyamizi alikuwa kalala chini, kichwa juu ya gunia la chumvi, mdomo wazi, anakoroma. Macho yote mawili kafumba.

"Nilifika usiku," Shija akanong'ona. "Kwa mbali nikauona mlango wetu giza. Nikajua mmekufa. Nikauona moto huu, nikaufuata. Bibi akanishika uso kwa mikono miwili, hivi. Akaniambia, 'Umechelewa, Mihambo.'"

"Ukasemaje?"

"Nikaushika mkono wake. Akanipapasa, akanitazama. Akasema, 'Aa, ni Shija. Kaa chini. Mkeo kalala, mwanao kalala. Ukipiga hodi sasa hivi nakuvunja mguu.' Nikamwambia, 'Bibi, na wewe lala, nitachochea mimi.' Akasema tangu mwaka wa nzige hajaambiwa neno hilo. Hapohapo akalala."

Siwema akamweka Mayunga mapajani kwa baba yake. Mtoto akamtazama mtu huyu wa ndevu. Akamvuta ndevu. Shija akainamisha kichwa ili avutwe vizuri.

Kabula akawaona. Huyo! "Kaka yangu! Kaka yanguuu!" Vigelegele, ngoma, watu wakamwagika. Na Kabula mkononi kashika kibuyu kimejaa maji.

"Mwaga, wifi! Mwaga afike! Kaka yangu ana njaa!"

Siwema akapokea kibuyu. Akautazama moto. Mmoja tu. Kaa lipi la Shija, kaa lipi la Mihambo, nani angejua? Akimwaga, Shija kafika, na Mihambo, kama yuko mahali, kazimiwa njia. Lakini Bibi atalala, leo na kesho na siku zilizobaki, hana cha kuchochea. Asipomwaga, Shija atabaki kama mgeni kwake, na Bibi akiamka atarudi kwenye jicho moja.

Vinu vikanyamaza. Tii.

Siwema akachutama. Akamwekea kizee mkono kifuani, vile alivyofundishwa. Akamwambia polepole, "Jua... jua limechomoza, lakini wewe lala, Bibi. Mbuzi wameshatoka, lakini wewe lala. Moto uko kwa..."

Hapo akakwama.

Moto nao ulikuwa unashuka, maana Shija kashika mtoto, hakuna anayechochea. Kibuyu mkono wa kulia. Na kushoto, palepale kwenye vidole vyake, kuni moja kavu.

Watoto wa kijiji kile wanalazwa kwa maneno yaleyale mpaka leo, mafuta mguu huu, mguu huu, na ukiwauliza Bibi gani, wanasema Bibi Nyamizi, wanamsema kama vile yuko nyumba ya mwisho. Na funzo wanalojipa ni hili: mtu unayemwona hana usingizi, awe wa titi au awe wa mvi, usimwambie tu alale. Mpokee moto wake.

Hadithi naitua chini hapa, kama mzigo wa chumvi, mabega yapumzike. Lakini kile kibuyu na ile kuni nawaachia nyie. Kizee kalala, mume kakaa nje, moto unashuka.

Ungekuwa wewe ndiye Siwema, ungefanyaje?